Bobby Orr: Beki wa Miaka 14 Katikati ya Vijana wa 20

Robert Gordon Orr, anayejulikana zaidi kwa jina la Bobby, alizaliwa tarehe 20 Machi 1948 katika mji mdogo wa Parry Sound, jimbo la Ontario, Kanada. Alipotundika magongo yake mwaka 1978 alikuwa ameshinda tuzo ya beki bora wa NHL, ligi kuu ya mpira wa magongo wa barafuni ya Amerika ya Kaskazini, mara 8 mfululizo, na alikuwa beki pekee aliyewahi kuongoza ligi hiyo kwa pointi. Mafanikio hayo yana mizizi katika miaka yake ya utoto na ujana. Nafasi aliyocheza, namna alivyotoka nyuma na mpira, wakala aliyemsimamia, hata mvutano kuhusu nani mwenye usemi juu ya mwili wake uliojeruhiwa, vyote vilikuwa vimeshachukua sura kabla hajafikisha miaka 19.

Kazi ya beki barafuni

Mchezo wenyewe huchezwa na watu 6 kila upande: kipa mmoja, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Uwanja ni wa barafu tupu, una urefu wa mita 61 hivi na upana wa mita 26, na umezungushiwa ukuta wa mbao, kwa hiyo mpira hautoki nje kirahisi. Huo unaoitwa mpira ni kisahani cheusi cha mpira mgumu, chenye uzito wa gramu 170 hivi. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20, na wachezaji hupishana kila baada ya muda mfupi kwa sababu hakuna anayeweza kukimbia kwa kasi hiyo mechi nzima. Anayecheza rafu hutolewa nje kwa dakika 2 au zaidi, na timu yake hubaki pungufu. Pointi za mchezaji ni jumla ya mabao aliyofunga na pasi za mabao alizotoa.

Katika miaka ya 1950 kazi ya beki ilieleweka hivi: amkabe mshambuliaji, ambane ukutani, akinyang'anya kisahani ampe mshambuliaji wake wa karibu, kisha abaki nyuma. Walikuwapo waliovuka mpaka huo. Eddie Shore wa Boston alijulikana kwa kupanda na kisahani katika miaka ya 1920 na 1930, na Doug Harvey wa Montreal aliutawala mwendo wa mechi kwa pasi zake. Hata hivyo, rekodi ya mabao mengi ya beki katika msimu mmoja ilikuwa 20 tu, iliyowekwa na Flash Hollett wa Detroit msimu wa 1944–45, na ilidumu zaidi ya miaka 20. Aliyekuja kuivunja alianza mchezo akiwa winga.

Mto, ghuba na kisahani kimoja

Parry Sound uko kando ya Ghuba ya Georgian, sehemu ya Ziwa Huron, na Mto Seguin unapita katikati ya mji. Majira ya baridi maji yote hayo huganda, na watoto hupata uwanja usio na kiingilio wala saa ya kufungwa. Doug Orr, baba yake Bobby, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha baruti katika kijiji jirani cha Nobel, na mama yake, Arva, alifanya kazi mgahawani. Walikuwa na watoto watano, Bobby akiwa wa tatu. Michezo ilikuwa katika damu ya ukoo huo: babu, ambaye pia aliitwa Robert Orr, alikuwa mwanasoka wa kulipwa kabla ya kuhamia Kanada kutoka Ballymena, Ireland. Doug mwenyewe aliwahi kusifiwa kwa kasi yake barafuni, lakini vita kuu ya pili ilipokuja alijiunga na jeshi la majini na ndoto ya kulipwa ikaishia hapo.

Bobby alianza kuvaa viatu vya kuteleza akiwa na umri wa miaka 4 hivi. Mchezo aliojifunzia mtoni haukuwa na refa, nafasi za wachezaji wala idadi maalumu ya watu. Watoto kumi, kumi na watano au zaidi walikuwa na kisahani kimoja, na aliyekipata alikaa nacho hadi anyang'anywe. Katika mchezo wa namna hiyo nguvu za kusukumana hazimsaidii mtoto mdogo. Kinachomsaidia ni kugeuka ghafla, kupunguza mwendo na kuuongeza tena, kukinga kisahani kwa mwili, na kuona pengo kati ya watu wawili kabla halijafunguka.

Stadi hiyo ilijitokeza wazi baadaye alipokuwa mtu mzima. Timu yake inapobaki pungufu kwa sababu ya adhabu, kawaida ya beki ni kukipiga kisahani mbali, mwisho wa uwanja, ili dakika zipite. Orr mara nyingi alikaa nacho. Aliteleza nacho nyuma ya goli lake, akatoka upande wa pili, akawavuta wapinzani wawili au watatu wamfuate, akarudi alikotoka, na sekunde za adhabu zikaendelea kuyoyoma bila timu iliyozidi idadi kugusa kisahani. Mashabiki wa Boston Garden, uwanja wa timu yake ya NHL, waliona maajabu. Kwa mtoto wa Mto Seguin huo ulikuwa mchezo wa kila jioni.

Kocha aliyemrudisha nyuma

Orr alikuwa mdogo wa umbo, na katika timu za watoto za mji wake alipangwa pembeni kama winga, mahali pa kawaida pa mtoto mwepesi mwenye kasi. Aliyembadilishia nafasi ni Wilfrid McDonald, maarufu kwa jina la Bucko. Huyu hakuwa kocha wa kubahatisha. Alikuwa beki wa NHL aliyetwaa Kombe la Stanley, ubingwa wa ligi hiyo, mara mbili akiwa na Detroit, mwaka 1936 na 1937, na mara ya tatu akiwa na Toronto mwaka 1942. Baada ya mpira aliingia katika siasa na akawa mbunge wa eneo la Parry Sound kuanzia 1945 hadi 1957.

McDonald alikuwa beki wa mtindo wa zamani, mtu wa kugonga na kuzuia, mwenye kasi ndogo. Ingetegemewa amfundishe kijana kile alichokijua yeye. Badala yake alimweka Orr nyuma na kumwachia ruhusa ya kupanda na kisahani kila alipoona njia. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Winga hupokea mpira ukiwa umeshafika mbele, tena akiwa amebanwa na ukuta upande mmoja, wakati beki anauanzia nyuma, uwanja mzima ukiwa mbele ya macho yake. Mchezaji anayesoma mchezo haraka kuliko wenzake hufaidika zaidi akiwa nyuma. Kuanzia hapo Orr hakuwahi kuondolewa katika nafasi hiyo.

Siku ya Gananoque

Majira ya kuchipua ya mwaka 1961 timu ya watoto ya Parry Sound ilisafiri hadi Gananoque, mji ulio kando ya Mto St. Lawrence, kwa mechi ya mtoano ya mkoa. Jukwaani walikuwapo wakuu wa Boston Bruins, miongoni mwao Wren Blair, aliyekuwa akiendesha timu ya Boston katika mji jirani wa Kingston. Walikuja kuwatazama vijana wawili wa timu ya wenyeji. Muda si mrefu waliacha kuwatazama.

Macho yao yalihamia kwa beki wa wageni, mtoto wa miaka 13 mwenye uzito wa kilo 50 hivi, aliyeonekana kupotea ndani ya suruali yake ya mchezo. Karibu mechi yote alikuwa barafuni. Alipumzika tu alipotolewa kwa adhabu. Alikuwa akimnyang'anya mpinzani kisahani, anapanda nacho, anatoa pasi au anapiga golini, kisha anarudi kwenye nafasi yake kabla wapinzani hawajajipanga. Blair aliuliza kama kuna timu yoyote ya NHL iliyomdhamini. Jibu lilikuwa hapana.

Swali hilo lilikuwa na uzito kwa sababu ya mfumo wa wakati ule. NHL ilikuwa na timu 6 tu: Boston, Chicago, Detroit, Montreal, New York na Toronto. Kila moja ilidhamini timu za vijana, na mchezaji aliyesaini fomu ya timu fulani alikuwa mali yake kwa upande wa mpira. Hakuna timu nyingine ya NHL iliyoweza kumgusa. Uchaguzi wa wazi wa chipukizi, ambamo timu huchagua wachezaji kwa zamu, ulianza mwaka 1963 kwa wale wachache wasiokuwa na mdhamini, na ulikuja kuwahusu vijana wote mwaka 1969. Mwaka 1961 aliyewahi ndiye aliyepata.

Boston ilikuwa na sababu ya kuwahi. Kuanzia msimu wa 1960–61 ilishika mkia wa ligi kwa misimu 5 mfululizo. Blair alianza kupita nyumbani kwa akina Orr kila timu yake ya Kingston iliposafiri kuelekea kaskazini, na Bruins ikachangia fedha katika mpira wa watoto wa Parry Sound. Timu nyingine nazo zilikuwa zimeshasikia habari za mtoto huyo, Montreal ikiwa mojawapo.

Saini ya mtoto wa miaka 14

Mwaka 1962 Orr, akiwa na miaka 14, alisaini fomu ya Boston. Malipo yalikuwa fedha taslimu za kiasi, gari, na ahadi ya kuipiga lipu nyumba ya familia kwa nje. Kwa nyumba ya mfanyakazi wa kiwandani yenye watoto watano hayo hayakuwa madogo. Kwa klabu ya NHL iliyokuwa ikinunua haki ya kipaji cha aina yake, ilikuwa bei ya kutupa.

Bruins ilimpeleka Oshawa Generals, timu ya vijana wa hadi miaka 20. Oshawa ni mji wa magari, mashariki ya Toronto, na jina la timu lilitokana na kampuni ya General Motors. Timu hiyo ilikuwa imesimama tangu uwanja wake ulipoungua mwaka 1953, na ndiyo kwanza ilikuwa inafufuliwa mwaka huo wa 1962. Haikuwa hata na barafu yake mjini Oshawa.

Mama yake hakukubali mtoto wa umri huo ahame nyumbani. Makubaliano yakawa kwamba Bobby aendelee kusoma na kuishi Parry Sound, asihudhurie mazoezi ya timu, bali asafirishwe kwa gari kwenda kwenye mechi tu. Safari ilichukua kama saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, katika barabara za theluji, na kwa kawaida alirudi usiku wa manane. Msimu mzima wa 1962–63 alicheza na wenzake bila kufanya nao mazoezi hata siku moja, akikabiliana na vijana wa miaka 18, 19 na 20 wenye ndevu. Katika mechi 34 alifunga mabao 6 na kutoa pasi za mabao 15. Mwisho wa msimu alichaguliwa katika kikosi cha pili cha nyota wa ligi.

Miaka mitatu ya Oshawa

Msimu uliofuata, akiwa na miaka 15, alihamia Oshawa. Aliishi kwa familia mwenyeji, kama ilivyo desturi ya mpira wa vijana nchini Kanada mpaka leo: klabu humtafutia kijana nyumba ya kulelewa, familia hulipwa posho ya chakula, na kijana huenda shule mchana na mazoezini jioni. Barua na simu za nyumbani zilikuwa sehemu ya maisha yake sawa na magongo na viatu.

Takwimu zake zilipanda mwaka hadi mwaka. Msimu wa 1963–64 alicheza mechi 56, akafunga mabao 29 na kupata pointi 72. Msimu wa 1964–65 alipata mabao 34 na pointi 93 katika idadi hiyohiyo ya mechi. Msimu wa 1965–66 alifunga mabao 38 na kufikisha pointi 94 katika mechi 47, yaani wastani wa pointi 2 kwa kila mechi. Misimu yote mitatu aliwekwa katika kikosi cha kwanza cha nyota wa ligi. Ni washambuliaji wachache waliofikia hesabu hizo, seuze mabeki.

Desemba 1964 Oshawa ilifungua uwanja wake mpya, Civic Auditorium, na watu wakajaa. Februari 1965 picha ya Orr ilipamba jalada la Maclean's, jarida kubwa la habari la Kanada, naye akiwa bado na miaka 16. Huko Boston, ambako timu ilikuwa ikifungwa kila wiki, mashabiki walikuwa wakihesabu miezi. Kanuni za ligi hazikuruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuharakisha lolote.

Sifa hizo zilikuwa na gharama yake. Kila timu pinzani ilijua kwamba njia ya kuifunga Oshawa ilikuwa kumchosha beki huyo, na kumchosha kulimaanisha kumgonga. Orr hakuwa mtu wa kukwepa. Katika msimu wa 1963–64 alikaa nje kwa adhabu dakika 142, idadi inayoonyesha kwamba aliyegongwa naye aligonga.

Fainali ya 1966 na mvutano wa kwanza

Msimu wa 1965–66 kocha wa Oshawa alikuwa Bep Guidolin, mtu aliyeufahamu ujana barafuni kuliko wengi. Mwaka 1942, vita ilipowachukua wachezaji wengi, Guidolin alichezea Boston Bruins akiwa na miaka 16, na mpaka leo ndiye mchezaji mdogo kuliko wote katika historia ya NHL. Chini yake Oshawa ilitwaa ubingwa wa Ontario, kisha wa mashariki ya Kanada, na ikafuzu kucheza fainali ya Kombe la Memorial, ubingwa wa vijana wa nchi nzima, dhidi ya Edmonton Oil Kings kutoka magharibi. Mechi zilichezwa Maple Leaf Gardens, Toronto.

Orr aliingia katika fainali hizo akiwa ameumia kwenye kinena. Uongozi wa Boston, uliokuwa ukimsubiri kwa miaka minne, haukutaka acheze na kuhatarisha kazi yake. Yeye alitaka kucheza, na wazazi wake wakasimama upande wake: fainali hiyo ya vijana isingerudi tena. Alicheza akichechemea, muda mfupi kuliko kawaida yake, na Edmonton ikashinda kwa mechi 4 kwa 2.

Tukio hilo lilikuwa kionjo cha yatakayofuata. Mchezaji asiyejua kujihurumia, waajiri wenye hesabu zao, na kiungo cha mwili kilichoumia katikati yao. Mambo hayo matatu yalimfuata Orr mpaka siku ya kustaafu.

Mkataba uliosainiwa kwenye boti

Zamani mchezaji mpya wa NHL aliitwa ofisini peke yake, akaonyeshwa karatasi na kalamu. Doug Orr alikataa utaratibu huo kwa mtoto wake. Wakati Bobby bado anachezea vijana, alimtafuta mwanasheria kijana wa Toronto, Alan Eagleson, amsimamie.

Meneja mkuu wa Boston, Hap Emms, alitoa ofa ya dola 5,000 za kusaini, mshahara wa dola 7,000 kwa mwaka wa kwanza na dola 8,000 kwa mwaka wa pili. Eagleson alikuwa na karata moja nzito mkononi. Timu ya taifa ya Kanada wakati ule ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa, na Orr angeweza kujiunga nayo na kuiacha Boston ikishika mkia bila mwokozi wake. Mazungumzo yaliendelea majira yote ya joto ya 1966. Mwishoni mkataba wa miaka miwili ulisainiwa kwenye boti ya Emms mwenyewe, kwa thamani iliyozidi ofa ya kwanza mara kadhaa. Hakuna mchezaji mpya wa NHL aliyekuwa amewahi kulipwa kiasi hicho.

Athari yake ilivuka mipaka ya Boston. Wakongwe walijiuliza inakuwaje kijana wa miaka 18 ambaye hajacheza mechi hata moja awapite mshahara. Mwaka 1967 wachezaji waliunda chama chao, na Eagleson akawa mtendaji mkuu wake wa kwanza. Sura ya pili ya habari za wakala huyo ni chungu. Orr alivunja naye uhusiano mwaka 1980 akiwa amepoteza sehemu kubwa ya mali yake, na mwaka 1998 Eagleson alitiwa hatiani mahakamani kwa makosa ya ulaghai.

Boston, 1966–67

Oshawa, Orr alivaa jezi namba 2. Boston namba hiyo ilikuwa imestaafishwa kwa heshima ya Eddie Shore, na baada ya kucheza mechi za maandalizi na namba 27, Orr alipewa namba 4. Mechi yake ya kwanza ya ligi ilikuwa tarehe 19 Oktoba 1966 dhidi ya Detroit, timu ya mkongwe Gordie Howe. Boston ilishinda 6–2 na Orr akatoa pasi ya bao. Siku chache baadaye alipata bao lake la kwanza kwa kumfunga Gump Worsley, kipa wa Montreal.

Desemba mwaka huohuo Marcel Pronovost wa Toronto alimbana ukutani na goti likaumia. Orr alikosa mechi 9. Alimaliza msimu na mechi 61, mabao 13 na pointi 41, akatwaa Kombe la Calder la mchezaji bora mpya. Tuzo ya beki bora, Kombe la Norris, ilikwenda kwa Harry Howell wa New York, ambaye alisema amefurahi kuipata mwaka huo kwa sababu miaka ijayo ingekuwa ya Orr. Utabiri wake ulitimia: kuanzia 1968 hadi 1975 hakuna mwingine aliyeigusa.

Boston yenyewe ilishika mkia tena msimu huo. Mabadiliko yalikuja Mei 1967, timu ilipopata washambuliaji watatu kutoka Chicago, Phil Esposito, Ken Hodge na Fred Stanfield. Beki anayepanda na kisahani anahitaji watu wa kukipokea. Sasa alikuwa nao.

Kilele

Msimu wa 1968–69 Orr alifunga mabao 21 na kuivunja rekodi ya Hollett. Msimu uliofuata alipata mabao 33 na pasi za mabao 87, jumla pointi 120, na kuwa beki wa kwanza kuongoza ligi nzima kwa pointi. Mwaka huo wa 1970 alikusanya tuzo nne kubwa: beki bora, mfungaji wa pointi nyingi, mchezaji bora wa ligi na mchezaji bora wa mtoano. Tarehe 10 Mei 1970, sekunde 40 baada ya muda wa nyongeza kuanza katika mechi ya nne ya fainali, alipokea pasi ya Derek Sanderson na kumfunga Glenn Hall, kipa wa St. Louis. Papo hapo beki Noel Picard alimchota miguu, na mpiga picha Ray Lussier akamnasa akiwa hewani, mikono juu. Boston ilikuwa haijatwaa Kombe la Stanley tangu 1941. Ililitwaa tena mwaka 1972.

Msimu wa 1970–71 alifikisha pointi 139, ambazo hakuna beki aliyezifikia hadi leo. Paul Coffey wa Edmonton, aliyeipita rekodi yake ya mabao kwa kufunga 48 msimu wa 1985–86, aliishia pointi 138.

Goti la kushoto liliendelea kudai malipo. Upasuaji ulifuatana, na mwaka 1976 Orr alihamia Chicago, ambako aliweza kucheza mechi 26 tu. Alistaafu Novemba 1978 akiwa na miaka 30, na mechi 657, mabao 270 na pointi 915 za NHL. Mwaka 1979 aliingizwa katika jumba la wachezaji mashuhuri bila kungojea muda wa kawaida wa miaka mitatu. Oshawa nayo ilistaafisha jezi yake namba 2 mwaka 2008.

Njia ya mabeki waliofuata

Mfumo uliomnunua Orr akiwa na miaka 14 haupo tena. Leo ligi za vijana za Kanada huchagua wachezaji kwa zamu, kwa kawaida katika mwaka wanaotimiza miaka 15 au 16, na NHL huwachagua wanapofikia 18. Anayetaka kuingia ligi ya Ontario mapema zaidi huhitaji kibali maalumu cha mchezaji wa kipekee. Beki wa kwanza kupewa kibali hicho ni Aaron Ekblad, mwaka 2011, akiwa na miaka 15. Alichezea Barrie Colts, akachaguliwa wa kwanza na Florida mwaka 2014, na msimu wake wa kwanza akatwaa Kombe la Calder.

Njia nyingine hupitia chuo kikuu. Cale Makar wa Calgary alicheza ligi ndogo ya Alberta, kisha Chuo Kikuu cha Massachusetts, kabla ya kujiunga na Colorado. Mwaka 2022 alishinda tuzo ya beki bora na ya mchezaji bora wa mtoano katika msimu mmoja, jambo ambalo kabla yake lilifanywa na mabeki wawili tu: Nicklas Lidström wa Detroit mwaka 2002, na Orr mwaka 1970 na 1972. Katika njia zote mbili, makocha wa vijana sasa huwapanga nyuma wachezaji wepesi wenye kuona mbali, na kuwaruhusu wapande na kisahani, kama Bucko McDonald alivyofanya Parry Sound wakati uamuzi huo ulipingana na desturi ya mchezo.